Bonaire: Ni sheria, ni jiografia, au ni bahati tu iliyouacha mwamba wake ukiwa hai?

#1 Mkaazi wa Leiden (mleta mada)

Habari zenu, wakuu. Mimi na mke wangu tumetoka likizo ya kuzamia katika kisiwa cha Bonaire, kile kilicho karibu na pwani ya Venezuela ambacho tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, na nimerudi na swali ambalo peke yangu silimalizi.

Pale huhitaji boti. Unakodi pikapu, unapakia mitungi ya hewa nyuma, unafuata barabara ya pwani ya magharibi mpaka uone jiwe lililopakwa rangi ya manjano lenye jina la eneo la kuzamia, unavaa vifaa vyako kando ya gari na kuingia majini kwa miguu. Ukiogelea kidogo tu, mwamba unaanza kuteremka kutoka kina cha mita 10 hivi, na juu yake kuna matumbawe yaliyo hai, pono wa kila rangi, kasa na mikunga. Kabla ya hapo tuliwahi kuzamia Jamaika, ambako sehemu kubwa ya tulichokiona ilikuwa mifupa ya matumbawe iliyofunikwa na mwani. Bahari ni hiyohiyo ya Karibi.

Dai langu ni kwamba tofauti imeletwa na sheria. Bonaire ilianza kuwalinda kasa na mayai yao mwaka 1961, ikapiga marufuku uvuvi wa mikuki mwaka 1971, ikakataza kuvunja matumbawe mwaka 1975, na mwaka 1979 ikaifanya bahari yote inayokizunguka kisiwa, pamoja na kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, kuwa hifadhi kuanzia maji yanapofikia yakijaa hadi kina cha mita 60. Boti haziruhusiwi kutia nanga juu ya mwamba, zinafungwa kwenye maboya, na mzamiaji haruhusiwi hata kuvaa glavu, ili asishawishike kushika matumbawe. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Nahodha Mstaafu

Mleta mada, sheria haisimamishi kimbunga. Bonaire iko nyuzi 12 kaskazini mwa Ikweta, na vimbunga vingi vya Atlantiki hupita mbali nayo, kaskazini zaidi, vikielekea Haiti, Kuba, Jamaika na Ghuba ya Meksiko. Upepo wa pale unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo pwani ya magharibi, ambako hoteli zote za kuzamia zimejengwa, ni upande wa demani: maji yametulia na mchanga hautibuliwi. Halafu kisiwa ni kikavu, mvua yake ni kama milimita 500 kwa mwaka, na hakuna mto hata mmoja wa kudumu unaomwaga tope juu ya matumbawe. Kisiwa cha namna hiyo kingebaki na mwamba mzuri hata kama bunge lake lingekuwa limelala.

#3 Binti Jibondo

Naona mleta mada amechanganya maswali mawili. Kuingia baharini kwa miguu ni jambo moja, uzima wa mwamba ni jambo jingine.

La kwanza linaelezwa na kupwa na kujaa kwa maji. Karibi maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa, na pale Bonaire tofauti kwa kawaida haifiki hata nusu mita. Sisi wa pwani ya Tanzania wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tunaona maji yakishuka zaidi ya mita tatu, mwamba unaachwa wazi, na mwenye kutaka kuufikia ukingo wa nje analazimika kutembea juu ya mawe makali au kusubiri maji yarudi. Kule Mafia, kwenye mlango wa Kinasi, saa ya kuzamia inaamuliwa na maji wala si na hoteli, kwa kuwa yakianza kukimbia mtu hawezi kushindana nayo. Ndiyo maana kwetu uzamiaji ni wa boti, na mtu wa kupokelewa lazima awepo juu. Bonaire mwamba unaanza karibu na ufuko, maji hayaendi popote, na kina kinashuka upesi. Hilo halina uhusiano wowote na mwaka 1979.

#4 Mchumi wa Pembeni

Nahodha, hoja yako ni nzuri mpaka mtu atazame jirani. Curaçao iko palepale, ina upepo uleule, ukame uleule, na vimbunga vinaipita vilevile. Hata hivyo mwamba wa karibu na mji wake mkuu wa Willemstad umeharibika vibaya. Curaçao ilijengewa kiwanda cha kusafishia mafuta mwaka 1918, ina bandari kubwa na watu takriban 150,000, ilhali Bonaire ina watu zaidi ya 25,000 tu. Kama jiografia ingetosha, visiwa hivi viwili vingefanana.

Mimi nasema ni idadi ya watu. Watu wachache, maji taka machache, wavuvi wachache, majengo machache.

#5 Mkaazi wa Leiden

Asante, Mchumi, ila umenipa mimi ushindi bila kukusudia. Jirani mwenye upepo uleule ameharibikiwa, na tofauti mojawapo kubwa kati yao ni kwamba Bonaire iliilinda bahari yake yote mapema.

#6 Pono wa Watamu

Usishangilie mapema, mkuu. Hapohapo Curaçao, ncha ya mashariki inayoitwa Oostpunt ina mwamba unaotajwa miongoni mwa ile bora kabisa iliyobaki Karibi nzima. Eneo hilo halikuokolewa na hifadhi ya bahari. Ni ardhi kubwa ya watu binafsi ambayo haikujengwa, basi. Hakuna hoteli, hakuna barabara ya lami, hakuna mabomba ya maji taka. Hapo Mchumi anakushinda.

Pili, hiyo hifadhi yako ya 1979 ina historia ambayo umeiruka. Ilianzishwa kwa fedha za wafadhili, na fedha zilipokwisha katikati ya miaka ya 1980 usimamizi ulilala. Sheria ilibaki kwenye makaratasi bila askari wala boti ya doria ya maana, hadi ilipofufuliwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata ndipo wazamiaji wakaanza kutozwa ada ya dola 10 za Marekani, na ada hiyo, ambayo sasa imefikia dola 40 kwa mwaka, ndiyo inayoendesha shirika la STINAPA linalosimamia hifadhi. Kwa hiyo swali linabaki: katika ile miaka ya kulala, mwamba ulilindwa na nani?

#7 Kijana wa Mbezi

Nawasoma kwa makini, wakuu, ingawa sijawahi kuzamia kuliko kina cha bwawa la hoteli. Nina maswali mawili mepesi. Kwanza, nimeona kuna eneo linaitwa 1000 Steps. Je, kweli mtu anashuka ngazi elfu moja akiwa amebeba mtungi? Pili, nimesoma kuwa meli ya Hilma Hooker ilizamishwa makusudi ili kuvutia watalii. Kama ni kweli, watu wanaotupa meli nzima juu ya mwamba wanawezaje kusifiwa kwa uhifadhi?

#8 Nahodha Mstaafu

Kijana, ngazi hazifiki hata mia. Jina limetokana na safari ya kupanda, pale unaporudi juu na mtungi mgongoni, maji yakikuchuruzika, na magoti yakikukumbusha umri wako.

Kuhusu Hilma Hooker, hapana. Ilikuwa meli ya mizigo yenye urefu wa mita 72 iliyokamatwa Bonaire mwaka 1984 baada ya zaidi ya tani 10 za bangi kukutwa zimefichwa nyuma ya ukuta wa bandia ndani yake. Mwenye meli hakujitokeza. Ilikuwa inavuja, ikakaa muda bila matengenezo, ikaondolewa gatini kwa hofu kwamba ingezama pale na kuziba nafasi, na tarehe 12 Septemba 1984 ikazama ilipokuwa imeegeshwa nje kidogo ya pwani. Ilikwenda kulala ubavu kwenye mchanga wenye kina cha mita 30, katikati ya miamba miwili, bila kuiponda sana. Kwamba wenye biashara ya kuzamia waliisaidia kidogo ni uvumi unaopendwa mno pale kisiwani, na mimi sina ushahidi nao.

#9 Mwalimu wa Bayolojia

Naomba niirudishe hoja ya Jamaika iliyotajwa na mleta mada, kwa sababu inaeleza zaidi kuliko Bonaire yenyewe.

Mwaka 1977 matumbawe hai yalifunika takriban nusu ya eneo la miamba iliyochunguzwa Jamaika. Mwaka 1993 yalikuwa yamebaki kama asilimia 3. Katikati ya miaka hiyo yalitokea mambo yaliyofuatana. Samaki wala-mwani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi kwa miaka mingi. Kimbunga Allen kikavunja matumbawe mwaka 1980. Halafu, kuanzia mwaka 1983, maradhi yaliyoanzia upande wa Panama yakawaua karibu wote wale viumbe weusi wa miiba mirefu, Diadema antillarum, ambao ndugu zao wa huku kwetu wanajulikana na kila aliyewahi kuwakanyaga. Hao ndio waliokuwa wamebaki kuula mwani. Walipotoweka, mwani ukafunika kila kitu, na vifaranga vya matumbawe vikakosa mahali pa kushika.

Sasa zingatieni kwamba maradhi hayo yalipita Bonaire pia. Diadema walikufa huko kama kwingine. Kilichoikoa Bonaire ni kwamba bado ilikuwa na pono. Pono anakwangua mwani mwambani kwa meno yake, na mkitulia chini ya maji mtasikia ule mlio wa kukwangua kabla hamjamwona mwenyewe. Kwa maoni yangu jibu la uzi huu si sheria kwa jumla wala jiografia kwa jumla. Jibu ni samaki.

#10 Pono wa Watamu

Nimefurahi kuona ukoo wangu unapewa heshima unayostahili. Hata hivyo, Mwalimu, Bonaire ilipiga marufuku kuvua pono mwaka 2010 tu. Miaka ya 1980 hakuna aliyemkataza mtu kumla. Walibakije?

#11 Mwalimu wa Bayolojia

Marufuku ya mikuki ya 1971 ilisaidia, maana pono ni windo jepesi mno kwa mwenye mkuki, hasa usiku anapolala. Jambo la pili ni kwamba kina kirefu kiko karibu sana na kisiwa, kwa hiyo mvuvi wa Bonaire anawapata jodari na samaki wengine wa bahari kuu bila safari ndefu. Hakulazimika kuutegemea mwamba kama mvuvi wa Jamaika, ambaye ana madema (mitego ya samaki), familia kubwa na ukanda mwembamba wa maji ya kuvulia.

#12 Mchumi wa Pembeni

Ambayo ni kusema, watu wachache. Nashukuru.

#13 Binti Jibondo

Wakuu, mnagombania urithi wa mgonjwa. Mwamba wa Bonaire si mzima kama mnavyouandika, na wanaoufahamu kwa muda mrefu wanalijua hilo.

Yale matumbawe makubwa ya matawi yaliyojaza maji ya kina kifupi yalikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ugonjwa wa mkanda mweupe, kama yalivyokufa karibu Karibi nzima. Mnaovuka ule uwanda wa mchanga kabla ya kufika ukingoni, mkiona vipande vilivyotapakaa kama fito zilizovunjika, mnaogelea juu ya makaburi yao. Mwezi Novemba 1999 kilikuja kimbunga Lenny, ambacho kinyume na desturi kilisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, na mawimbi yake yakaupiga ule upande ambao Nahodha anauita wa demani. Mwaka 2010 maji yalipata joto na matumbawe yakapauka. Yalipauka tena mwaka 2023.

Na mwaka huohuo wa 2023 ukathibitishwa pale ugonjwa wa kuoza tishu za matumbawe magumu, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza Florida mwaka 2014 na unashambulia zaidi ya aina 20. Huu nimeuona kwa macho yangu. Nilikuta tumbawe la aina ya ubongo, kubwa kuliko meza ya watu sita, lenye umri ambao babu wa babu yangu asingeufikia. Upande mmoja lilikuwa na rangi yake ya kahawia na mikunjo yake yote. Upande wa pili lilikuwa jeupe pepepe, na pale rangi hizo mbili zilipokutana tishu ilikuwa inabanduka kama ngozi iliyoungua. Niliporudi siku chache baadaye nikiwa na kiongozi yuleyule, mpaka ule ulikuwa umeshasogea. Sehemu iliyoachwa wazi mwanzo ilikuwa tayari imeanza kuota utando wa mwani wa kijani.

Ndiyo maana baadhi ya maeneo yalifungwa, na wazamiaji wakatakiwa kusuuza vifaa vyao katika dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu maji yanayobaki ndani ya koti la kuelea yanaweza kubeba ugonjwa kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Mleta mada, je, ninyi mlitakiwa kufanya hivyo?

#14 Mkaazi wa Leiden

Ndiyo, dada. Kulikuwa na mapipa mawili kwenye kituo cha mitungi, moja la dawa na moja la maji matamu. Kabla ya hapo tulipewa maelezo ya hifadhi na kulazimika kuzamia mara ya kwanza mbele ya kituo, ili waone kama tunaweza kuelea bila kugusa chini. Hilo nalo ni sheria, na linatekelezwa.

#15 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Samahani kwa kuuvuta uzi kidogo, lakini kuna anayeusoma huku akipanga safari, na Bonaire ina hatari yake ya pekee, ambayo ni urahisi wenyewe. Mtu mwenye pikapu na mitungi isiyohesabiwa anazamia asubuhi, anazamia tena kabla ya chakula cha mchana, tena alasiri, na usiku anataka kuwaona pweza. Kila anaposhuka mita 10 shinikizo linaongezeka kwa kiasi kinacholingana na angahewa nzima, na naitrojeni inayeyuka zaidi ndani ya damu na tishu. Akipanda haraka, inatoka katika viputo kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na viputo hivyo vikikwama kwenye maungio, uti wa mgongo au ubongo, likizo imekwisha. Kisiwa kina chumba cha shinikizo cha kutibia, lakini si kivutio cha kutembelea.

Kwa hiyo pandeni polepole, simameni kwenye mita 5 kwa dakika 3, na baada ya siku kadhaa za kuzamia msipande ndege kabla ya kupita angalau saa 18. Wengi huitumia siku hiyo ya mwisho kuzunguka nchi kavu.

#16 Kijana wa Mbezi

Nilidhani ndiyo sababu wanauza ile hewa iliyoongezwa oksijeni, naitroksi, ili mtu aweze kwenda chini zaidi na kukaa zaidi.

#17 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kukaa zaidi, ndiyo. Kwenda chini zaidi, hapana, na kosa hili linaua. Naitroksi ya asilimia 32 ina naitrojeni pungufu, kwa hiyo katika kina cha kati unapata dakika nyingi zaidi. Oksijeni nayo huwa sumu shinikizo likizidi, na kwa mchanganyiko huo kikomo kinachofundishwa ni kama mita 33. Mwenye mtungi wa hewa ya kawaida ndiye anayeruhusiwa kwenda chini zaidi kuliko wewe mwenye mtungi wa gharama. Pale Hilma Hooker, sakafu ya mchanga iko mita 30, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukosea ni ndogo.

#18 Tarishi

Mleta mada, weka gharama tujue kama tunaota. Na je, mwenye viza ya Schengen anaingia?

#19 Mkaazi wa Leiden

Kodi ya kuingia kisiwani ni dola 75 kwa mgeni mtu mzima, ada ya hifadhi ni dola 40, na fedha inayotumika ni dola ya Marekani tangu mwaka 2011, ingawa wenye kisiwa ni Waholanzi. Gari na mitungi ndiyo mzigo mkubwa. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam. Bonaire haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo ulizeni ubalozi wa Uholanzi kabla ya kununua tiketi.

Jambo jingine ambalo vipeperushi hulificha: wezi. Gari linapoachwa kando ya jiwe la manjano, mwenye nalo yuko chini ya maji kwa saa nzima na kila mtu anajua. Tulishauriwa tuache vioo wazi na milango bila kufunga, tusiache chochote ndani, ili mwizi ahakikishe mwenyewe kuwa hakuna kitu na asivunje kioo. Mwenzetu mmoja wa hotelini aliacha viatu, akaendesha gari pekupeku hadi mjini.

#20 Mchumi wa Pembeni

Gharama hizo ndizo zinazonirudisha kwenye hoja, kwa sababu ada inayowalipa askari wa hifadhi ni kitanzi pia. Ada zaidi ni wageni zaidi, wageni zaidi ni nyumba zaidi, na nyumba za Bonaire kwa miaka mingi zimemwaga maji taka katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mwamba wa chokaa. Chokaa ina matundu, kwa hiyo maji yale hupenya polepole hadi baharini yakiwa na mbolea ya kutosha kuulisha mwani. Mtambo wa kusafisha maji taka umejengwa, ila haukuunganishwa na kila nyumba. Pono hawezi kukwangua kwa kasi ambayo hoteli zinajengwa.

#21 Nahodha Mstaafu

Kwa hilo la nyumba, kuna jambo hakuna aliyeligusa. Chukueni ramani. Sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa ni tambarare ya mabwawa ya chumvi, yale ya maji ya waridi yenye heroe (flamingo), na kaskazini-magharibi ni hifadhi ya taifa ya Washington Slagbaai iliyoanzishwa mwaka 1969. Ujenzi mwingi uko katikati, karibu na mji wa Kralendijk. Maeneo mengi ya kuzamia yako mbele ya ardhi ambayo hakuna mtu anayeishi.

Na hiyo kusini haikuachwa wazi kwa kupenda matumbawe. Ni chumvi. Pale ufukweni bado vipo vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliochota chumvi hiyo, vifupi kiasi kwamba mtu mzima anaingia kwa kuinama, na Uholanzi ilikomesha utumwa katika makoloni yake ya Karibi mwaka 1863 tu. Wazamiaji huegesha mbele yake, huvaa mapezi na kuingia majini. Gati la chumvi lenyewe linaruhusiwa kuzamiwa pale tu ambapo hakuna meli inayopakia, na nguzo zake zimevaa sifongo za machungwa na zambarau kutoka juu hadi chini.

#22 Pono wa Watamu

Sasa tuna sheria, upepo, uchache wa watu, samaki na chumvi. Mimi naongeza balaa lililotoka pande zetu. Samaki-simba, yule mwenye mapezi ya madoido na miiba ya sumu ambaye huku Bahari ya Hindi ni mkaazi wa kawaida, alifika Bonaire mwaka 2009 baada ya ukoo wake kusambaa kutoka upande wa Florida. Kule hana adui anayemjua, na anawameza vifaranga wa samaki bila kizuizi. Matokeo yake, kisiwa kilichokataza mkuki tangu 1971 kimelazimika kutoa vibali vya mkuki maalumu kwa wazamiaji waliofunzwa, kwa ajili yake peke yake. Mleta mada, sheria yako imebidi ipinde.

#23 Mkaazi wa Leiden

Imepinda kwa kibali, kwa mafunzo na kwa samaki mmoja. Mimi naona hiyo ni sheria inayofanya kazi. Nao walimla hotelini, kwa limau.

#24 Mchumi wa Pembeni

Basi nitoe sharti, tuache kuzunguka. Nionyesheni mahali penye sheria kali, watu wengi karibu, na mwamba ulio hai. Mkipata, nitaiacha hoja yangu ya idadi ya watu.

#25 Nahodha Mstaafu

Chumbe. Kilomita chache kutoka mji wa Zanzibar, hifadhi tangu 1994, na mwamba wake unasifiwa na kila mtafiti anayeufikia.

#26 Mchumi wa Pembeni

Chumbe haina wakaazi, Nahodha, ina vibanda saba vya wageni. Umenisaidia.

#27 Binti Jibondo

Lakini wavuvi wa mji wako karibu, na wangeweza kuufikia kwa ngalawa. Hawakuufikia kwa sababu, hata kabla ya 1994, upande ule ulikuwa karibu na njia ya meli na eneo la jeshi, na uvuvi haukuruhusiwa. Kwa hiyo Mkaazi wa Leiden atasema ni sheria, Mchumi atasema ni kutokuwepo kwa watu, na Mwalimu atasema ni samaki waliobaki. Kabla hamjaanza upya, naomba aliyezamia Bonaire mwaka huu atuambie kama maeneo yaliyofungwa kwa ajili ya ule ugonjwa yamefunguliwa, maana mdogo wangu ameshalipa nauli na anataka kujua aende kusini au kaskazini.